Kenyenya na Mtoto Anyonyaye

Kila likizo ya shule ikikaribia, nyumba zetu za pwani huingia katika mashauri ya matembezi. Watoto hutaka bembea, hutaka mabwawa ya kuogelea, hutaka zile bustani za michezo zenye magari ya umeme na magurudumu ya kupanda juu. Baba huhesabu nauli na viingilio. Mama huhesabu chakula na nguo za kubadilisha. Kisha huja swali ambalo aghalabu huulizwa mwisho, tena kwa sauti ya chini: na yule mwenye mtoto mchanga je? Jawabu lililozoeleka ni moja katika mawili. Ama abaki nyumbani, ama aje na chupa.

Safari tunayotaka kuwasimulia ilianza kwa swali hilo. Mume wa binti yetu ni Mgusii, mzaliwa wa Kenyenya katika kaunti ya Kisii. Alikuja Mombasa kutafuta riziki angali kijana, Mwenyezi Mungu akamwongoa katika Uislamu, na miaka minane iliyopita tukamwoza mwanetu. Mamaye hajasilimu, na ni mwanamke tunayemheshimu sana. Alikuwa hajamtia machoni mjukuu wake wa pili, mvulana wa miezi mitano, na kila akipiga simu swali lake lilikuwa moja tu: mtaniletea lini mtoto wangu?

Wapo jamaa waliotushauri tungoje hadi mtoto aache ziwa. Wengine wakaona mtoto abaki Mombasa, anunuliwe maziwa ya kopo, na wazazi wasafiri na dada yake wa miaka sita. Hatukuafiki shauri lolote katika hayo. Aliyeitwa Kenyenya ni mtoto. Mtoto hawezi kwenda bila mama yake. Na mama hawezi kwenda mahali asipopata nafasi ya kumnyonyesha. Basi tukaipanga safari kwa kumzunguka yeye, kama vile msafara wa zamani ulivyopangwa kwa kufuata visima.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Tulipanda treni ya reli mpya, ile iliyofunguliwa mwaka 2017, kilomita 472 mpaka Nairobi, tukalala kwa jamaa. Asubuhi yake hatukukata tiketi za basi. Tulikodi gari dogo, tukachangiana gharama, na kabla ya kutoa arubuni tulimwekea dereva sharti moja: mtoto akilia, gari lisimame. Binti yetu alikaa kiti cha nyuma dirishani, mama yake pembeni yake, na leso mbili zikafungwa kuwa pazia. Sisi na mkwe wetu tulikaa mbele. Nairobi hadi Kisii ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya Narok na Bomet, na njiani tulisimama mara tano. Dereva, kijana mpole, mara ya nne alikuwa ameshajifunza. Alisikia mtoto akianza kukoroma kwa njaa akatafuta kivuli mwenyewe kabla hajaambiwa.

Hapa tuingize suala moja la fiqhi, kwa sababu akina mama hutuuliza mara kwa mara na sisi lilitupata nguoni. Karibu na Bomet tulimpokea mjukuu wetu ili mama yake anyooshe miguu, naye akatulowesha kanzu. Mvulana ambaye hajatimiza miaka miwili na chakula chake ni maziwa tu, mkojo wake katika madhehebu yetu ya Shafi hutoshewa kwa kunyunyiziwa maji mpaka yakaenea mahali pale, pasipo haja ya kufua. Ndivyo ilivyopokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alifanya alipokojolewa na mtoto mchanga wa Ummu Qays. Msichana ni kufuliwa. Mama asafiriye na mtoto wa kiume anyonyaye asiiache sala kwa kuwa nguo imeguswa. Chupa moja ya maji inamtosha. Nasi tuliiosha kanzu kwa namna hiyo, tukasali adhuhuri na alasiri pamoja kandokando ya shamba la chai, na ile baridi ya huko ikatufanya tukumbuke majaketi tuliyoyaacha.

Kutoka Sotik kuelekea Keroka nchi hubadilika. Pwani macho yetu yamezoea kwenda mbali mpaka baharini. Gusii macho hugonga kilima, yakapanda, yakashuka, yakagonga kingine. Kila mteremko umelimwa. Chai imekatwa sawasawa kama zulia, migomba imesimama juu yake, parachichi limemea kando ya mlango, na nyumba ziko karibu mno hata mtu huweza kuzungumza na jirani yake wa ng'ambo ya bonde. Mji wa Kisii una msikiti na Waislamu wake, wakiwamo Wanubi ambao babu zao waliletwa Kenya wakiwa askari wa Waingereza. Tulipumzika hapo, kisha tukashika njia ya Ogembo, ambako mto Gucha hupita ukielekea Ziwa Viktoria, tukafika Kenyenya jua likiwa limeshaanza kulegea na mvua ya jioni imekwisha kunyesha. Udongo ni mwekundu na unateleza. Viatu vya pwani havina maana huko.

Bibi mwenyeji alitungoja nje. Kwa Kigusii bibi huitwa magokoro, na mjukuu wetu wa kike alilikariri neno hilo siku nzima kwa utamu wake. Yule mama hakumpokea mtoto hapo hapo mlangoni. Alisalimu, akatuingiza ndani, akafunga mlango, kisha ndipo akanyoosha mikono. Baadaye mkwe wetu alitueleza kuwa wazee wa Kigusii wanaogopa macho ya watu kwa mtoto mchanga, kwamba lipo jicho linaloweza kumdhuru, kwa hiyo hawapendi afunuliwe mbele ya kila mpita njia. Mke wetu akacheka, akasema, "Kumbe hata huku liko." Sisi tunajua kuwa jicho ni kweli na kinga yake ni dua. Ila tulipendezwa kuona nyumba mbili zilizotengwa na nchi nzima zikimfunika mtoto kwa sababu moja.

Chakula kilitupa jambo lingine la kushangaa. Kuku alikuwepo hai, amefungwa mguu, akitungoja tumchinje wenyewe. Mwenyeji aliliwaza hilo bila kuambiwa. Samaki wa ziwani walikuwepo, na ugali wa wimbi, wanaouita obokima. Lakini binti yetu aliwekewa bakuli lake peke yake. Ilikuwa mboga chungu, majani membamba yaliyochemshwa na kutiwa maziwa, na akaambiwa asigawe na mtu. Waliita chinsaga. Tulipoliona jani bichi asubuhi yake nyuma ya nyumba, mke wetu alilitambua mara moja: ni mgagani, ule unaomea wenyewe katika viwanja vyetu baada ya mvua na ambao wengi wetu siku hizi huung'oa na kuutupa. Wagusii humpa mwanamke aliyejifungua na anayenyonyesha, wakisema unarudisha damu na kuleta maziwa. Bibi alisimama juu ya binti yetu mpaka bakuli likaisha. Sisi pwani tuna uji wetu wa pilipili manga na supu zetu kwa mzazi, lakini arobaini ikipita tunamsahau. Yule mtoto ana miezi mitano, na bado mama yake anahesabiwa kuwa mzazi.

Nchi hii imetazamwa na wataalamu kwa jambo hili hili. Mmarekani Robert LeVine alikuja kuishi Gusii kati ya mwaka 1955 na 1957, akarudi tena na wenzake katika miaka ya sabini, na mwaka 1994 wakatoa kitabu kikubwa juu ya malezi ya Wagusii, wakiyalinganisha na ya akina mama wa mji wa Boston. Waliona kuwa mama wa Boston huzungumza sana na mtoto wake mchanga na kumtazama usoni. Mama wa Kigusii huzungumza naye kidogo, lakini humbeba zaidi, na akilia humjibu upesi, kwa kumtuliza na kumpa ziwa. Hatusemi nani bora. Tunasema tu kwamba tulikaa huko siku sita, na hatukumsikia mtoto akiachwa kulia.

Siku ya soko ndiyo iliyotufanya tuandike haya. Soko la Kenyenya hukusanya watu wa vilima vyote vya karibu. Yako mafungu ya ndizi mbichi, magunia ya mahindi, mboga zilizofungwa kwa nyuzi za migomba, viatu vya mitumba vilivyopangwa kwa jozi juu ya turubai, na bodaboda zikipenya katikati ya yote. Kwa kuwa ilikuwa Disemba na shule zimefungwa, upande mmoja wa uwanja kulikuwa na bembea ya chuma ya kuzunguka, inayosukumwa kwa mikono na vijana wawili, na jumba la mpira lililojazwa upepo ambamo watoto hurukaruka. Hiyo ndiyo bustani ya michezo ya mahali pale. Haikuwa na ukuta wala lango; unalipa sarafu zako, unapanda. Mjukuu wetu wa kike aliiona kutoka mbali na hatukuwa na ujanja tena.

Tulipokuwa tumesimama kumtazama, tuliangalia pia waliotuzunguka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alikuwa na mtoto kifuani ananyonya, na kwa mkono mwingine anarudisha chenji. Mwingine ameketi juu ya gunia, ananyonyesha huku akibishana bei ya nyanya. Hakuna aliyegeuza shingo. Vijana wa bodaboda, ambao kwingine huwa na maneno mengi, walipita kama wapitao mbele ya mtu anayekula ugali wake.

Binti yetu alikuwa amemwacha mtoto kwa bibi kwa muda mfupi ili amshike mwanawe mkubwa katika bembea, kwa kuwa alikuwa anaogopa kupanda peke yake. Bembea ikazunguka, foleni ya kushuka ikawa ndefu, na mvulana akaamka. Kilio chake kilianza kidogo, kisha kikajaa uwanja. Hapo karibu alikuwepo mwanamke kijana, jirani ya bibi, naye ana mtoto wake wa kike wa karibu mwaka mmoja. Alimweka mwanawe chini, akanyoosha mikono kwa wepesi wa mtu anayefanya jambo la kila siku, akasema, "Mleteni kwangu anyonye kidogo, mama yake akija atamkuta ametulia." Bibi tayari alikuwa anampokeza.

Tulinyoosha mkono tukazuia, kwa upole. Yule mwanamke alisimama. Akatutazama, akamtazama mkwe wetu, kisha akauliza kwa Kiswahili safi kabisa, "Kwani maziwa yangu yana uchafu gani?"

Wasomaji wetu, hilo ni swali zito kuulizwa na mwenyeji katika nchi yake, mbele ya mama wa mkwe wako, mtoto akilia. Angeweza kuliweka moyoni miaka mingi. Na angekuwa na haki, kama sababu yetu ingekuwa hiyo. Tulimjibu hivi: "La, mwanangu. Maziwa yako ni safi, na kwetu ni mazito kuliko unavyodhani. Akinyonya kwako, wewe unakuwa mama yake, na huyu binti yako anakuwa dada yake, asiweze kumwoa maisha yake yote. Jambo kubwa kama hilo halifanywi kabla ya mama yake kuulizwa."

Alinyamaza. Kisha akacheka, akamwinua mwanawe, akamtazama mjukuu wetu, akasema, "Basi huyu angekuwa shemeji yenu nyote hapa." Watu wakacheka pamoja naye. Bibi akamrudisha mtoto begani na kumtembeza, na binti yetu akaja mbio, leso imemteleza begani.

Sheria yenyewe tuieleze, maana wapo akina mama wa pwani ambao hunyonyeshana watoto harusini au hospitalini kwa wema na hawaandiki popote. Mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonya kwa mwanamke asiyekuwa mamaye, undugu wa maziwa huingia. Kwa Shafi ni manyonyesho matano kamili yaliyo mbalimbali. Kwa Hanafi na Maliki, hata mara moja inatosha. Mwanamke huyo huwa mama, watoto wake wote huwa ndugu, na mumewe ambaye maziwa yamepatikana kwa ajili yake huwa baba wa maziwa. Hakuna kurithiana, lakini ndoa imeharimishwa. Wala si sharti mnyonyeshaji awe Mwislamu. Kwa hiyo nyonyesho lile moja la Kenyenya, kwa madhehebu yetu, lisingeifunga ndoa ya mtu. Lakini bibi na jirani wangeonana kila siku, nasi tulikuwa na siku tatu mbele yetu. Manyonyesho matano hutimia upesi, tena bila mtu kuhesabu. Likitokea, mama ajue, baba ajue, na liandikwe penye vyeti vya watoto.

Binti yetu alihitaji pa kuketi. Tofauti na akina mama wa pale, yeye hufunika, na kwa Mwislamu ndivyo inavyopasa mbele ya wanaume wasio maharimu. Hatukusema neno. Muuza mitumba aliyekuwa karibu, mwanamke wa makamo, aliliona shungi na leso akaelewa mwenyewe. Alizishusha shuka mbili alizokuwa amezitundika kwa ajili ya kuuza, akazifunga kwenye fito za kibanda chake pande tatu, akapindua kreti ya soda, akaweka sweta juu yake, akasema, "Ingia, mama." Yule mwanamke kijana akaingia naye, na mtoto wake, wakanyonyesha wote wawili pamoja. Sisi tukasimama nje na mkwe wetu, migongo yetu kwenye shuka.

Tukiwa pale, kwa kuwa waliokuwa ndani walisikia na waliokuwa nje wakauliza, tuliwasimulia habari za Bibi Halima wa Bani Saad. Alitoka jangwani mwaka wa ukame, juu ya punda dhaifu asiyeweza kwenda na wenzake, na mtoto wake mwenyewe akilia usiku kucha kwa kuwa maziwa hayakumtosha. Alikwenda Makka kutafuta mtoto wa kunyonyesha kwa ujira, na aliyebaki alikuwa yatima mmoja ambaye wenzake walimwacha kwa kuwa hana baba wa kulipa. Akamchukua. Wapokezi wa sira wanasimulia kuwa maziwa yalimjaa, watoto wote wawili wakashiba wakalala, na yule punda akawapita wenzake njiani. Tukawaambia pia habari za Shayma, binti wa Halima, aliyeletwa mateka baada ya vita vya Hunayn katika mwaka wa nane wa Hijra, mwanamke mtu mzima sasa, akajitambulisha kuwa ni dada wa maziwa. Mtume (S.A.W.) alimtandikia nguo yake akamketisha juu yake. Muuza mitumba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule dada aliachiliwa. Tukamwambia ndiyo, aliachiliwa kwa heshima na kupewa zawadi, akarudi kwa watu wake.

Sasa tuseme lililotukera. Mwaka uliotangulia, katika bustani moja ya michezo huku kwetu pwani, ambayo hatutaitaja, binti yetu huyu alikuwa na mtoto wa dada yake, na dada yake ananyonyesha. Walilipa kiingilio kamili. Mtoto alipolia, mama aliketi chini ya mti, amejifunika buibui hata huwezi kujua kama pana mtoto ndani yake. Mlinzi alimjia akamwambia kuwa hapo ni mahali pa familia, aende chooni. Alikwenda. Alikaa juu ya kifuniko cha choo dakika ishirini na maji ya watu yakipita miguuni, kisha akarudi akasema twende nyumbani. Hakutoka tena na mtoto yule mpaka alipomwachisha. Tangu hapo tumesikia visa kama hivyo kutoka kwa akina mama wengine, na vingi vimeishia hivyo hivyo: kwa chupa, au kwa kubaki nyumbani.

Mnakumbuka Mei 2018, pale akina mama wa Nairobi walipoandamana na watoto wao mikononi, baada ya mmoja wao kukatazwa kunyonyesha katika mkahawa. Zipo kauli zilizosemwa siku ile ambazo sisi si wasemaji wake. Wapo waliotaka kufunikwa kwenyewe kuhesabiwe dhuluma, nasi hatukubaliani nao. Lakini katika asili ya shauri tuko upande wao bila ya kusita. Choo si mahali pa kulia chakula. Hakuna baba hata mmoja atakayekubali sahani yake ya pilau ipelekwe huko.

Wengine hudhani kuwa stiri na kunyonyesha nje ya nyumba ni vitu viwili vinavyogombana, kwa hiyo mwenye haya hana budi kujifungia. Fiqhi haikusema hivyo. Kinachotakiwa ni sitara, na leso ni sitara, na shuka mbili za mitumba ni sitara. Akina mama wa Makka na Madina walikwenda sokoni, shambani, safarini na msikitini na watoto wao. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala akikusudia kuirefusha, akisikia mtoto analia akaifupisha kwa kumwonea huruma mama yake. Aliisikia sauti ya mtoto msikitini na hakuamuru mtoto atolewe. Sala ilifupishwa, sisi tunashindwa kusogeza benchi.

Serikali kwa upande wake imefika nusu ya njia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea kazini, chenye pa kunawia mikono, chombo cha kuhifadhia maziwa baridi, meza na viti vya kukalika. Ni jambo jema. Ila anayekwenda kustarehe si mwajiriwa, na mwenye bustani anaweza kujiona hahusiki. Huko Marekani, katika jimbo la Florida, tangu mwaka 1993 sheria inamruhusu mama kunyonyesha popote alipo na haki ya kuwepo, na kila moja katika bustani kubwa za Disney zilizo huko ina nyumba maalumu ya watoto wachanga, yenye chumba cha kunyonyeshea. Wenye biashara wale hawakufanya kwa thawabu. Wamejua kuwa mama akiondoka, jamaa nzima huondoka naye.

Wakenya wamejitahidi sana katika suala la maziwa ya mama. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2008 na 2009 ulionyesha kuwa asilimia 32 tu ya watoto wa chini ya miezi sita walilishwa maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2014 ikawa asilimia 61. Mwaka 2022 ikawa 60. Yaani tumesimama pale pale. Zipo sababu nyingi, kazi ikiwa ya kwanza. Lakini mama anayejua kuwa kila akitoka atafukuzwa hutia kopo mkobani kabla ya kutoka, na kopo likizoea mkoba, ziwa hupungua, kwa kuwa maziwa huja kwa kunyonywa.

Akina baba mnaosoma haya, mara nyingi tunaitaja aya ya 233 ya Suratul Baqara kwa wake zetu, ile inayowataja akina mama na miaka miwili kamili. Tuisome mpaka mwisho. Papo hapo, bila kuhama aya, baba amewekewa chakula chao na mavazi yao kwa wema. Aya haikumwachia mama mzigo huo peke yake. Mtu atakayemhimiza mkewe atimize miaka miwili, kisha akapanga matembezi ya kutwa bila kuuliza atakaa wapi kumnyonyesha, ameishika nusu ya aya. Uliza langoni kabla ya kulipa: pana mahali pa mama anyonyeshaye? Wakisema hapana, ondokeni na pesa zenu. Wakisema chooni, waambieni kwa heshima, kisha ondokeni.

Anayetaka kusafiri mbali na mtoto anyonyaye tumwambie machache tuliyoyaona. Leso tatu zatosha: moja ya kujifunika, moja ya pazia la gari, moja ya mtoto. Maji ya kunywa ya mama yawe mengi kuliko anavyodhani. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji wala uji, hata kwenye joto la Mtito Andei, na mwenyeji mwenye ukarimu aambiwe mapema ili asiudhike. Bibi wa Kenyenya alikuwa na uji wa wimbi tayari, ukaliwa na dada mtu. Maziwa yaliyokamuliwa huweza kukaa nje saa nne mahali pa ubaridi, lakini katika joto letu yasiaminiwe muda huo. Na gari likiwa lenu, mapatano ya kusimama yafanywe kabla ya pesa kutolewa.

Tulirudi Mombasa na magunia mawili ya ndizi na mbegu za mgagani zilizofungwa katika kipande cha gazeti. Yule mwanamke kijana alimpa mjukuu wetu kofia ya sufi aliyoifuma mwenyewe. Tumekwisha kusema na kamati ya Idi ya mtaani kwetu, na imekubaliwa kuwa mwaka huu uwanjani, upande wa kibla mbali na bembea, patasimamishwa hema la akina mama wanaonyonyesha. Turubai limepatikana. Mafundi wawili wa kike wamejitolea kushona mapazia. Bado zinatakiwa mikeka minne, pipa la maji lenye bomba, na viti vifupi vyenye mgongo, kwa sababu mwenye kunyonyesha hupata maumivu ya mgongo. Mwenye navyo avilete msikitini baada ya sala ya alasiri, siku yoyote kabla ya tarehe ishirini na saba ya Ramadhani.